Uzazi, Misitu, na Neno Tulilolisema kwa Haraka



Ndugu wasomaji, tunayo haya kidogo kulileta jambo hili katika kurasa zisomwazo na baba, mama na watoto pamoja. Lakini dini yetu haikuona haya kulitaja, wala sisi hatuna udhuru wa kulinyamazia, kwa kuwa tulikwisha lisema mara moja mbele ya watu, na tukalisema vibaya.

Sisi ni mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Mzenga, wilaya ya Kisarawe, katika njia itokayo Mlandizi kwenda Maneromango. Tulizaliwa zama reli ya TAZARA ilipokuwa ikijengwa, na mlio wa gari moshi likipita stesheni ya Mzenga ndiyo saa ya kwanza tuliyoijua. Elimu yetu ni Kurani, na vitabu vidogo vya fiqhi tulivyovisoma kwa marehemu mwalimu wetu, na madarasa saba ya shule ya msingi. Kiingereza twakijua cha kusomea maandishi ya mfuko wa saruji, si zaidi. Twayataja haya mapema ili msomaji asije akadhani kwamba anayeandika habari za tafiti za wataalamu ni mtaalamu.

Tulipokuwa watoto, mtu akitoka nyuma ya nyumba ya baba yetu kuelekea msitu wa hifadhi wa Ruvu Kusini, hakuhitaji mwendo mrefu kabla ya kuingia chini ya miti mikubwa. Mikongo ilikuwapo, na mininga, na mipingo. Leo mtu hutembea asubuhi nzima asione mti ambao akiukumbatia mikono yake haikutani. Vilivyobaki ni vichaka, na huku na huku duara jeusi ardhini palipokuwa na tanuri la mkaa. Magunia hupakiwa juu ya pikipiki usiku yakapelekwa mjini. Miongoni mwa wachomao mkaa huo yumo mtoto wetu wa nne, na hilo pia tutalieleza.

Katika Ramadhani ya mwaka juzi tulikuwa na darsa kila siku baada ya sala ya Alasiri. Siku moja kijana mmoja aliuliza: "Mwalimu, nini hukumu ya uzazi wa mpango? Zahanati wake zetu wanaambiwa waweke kijiti, na wengine wanasema ni kwa ajili ya kuhifadhi mazingira, ati watu wakizidi miti itakwisha." Swali lile lilikuwa na maswali mawili ndani yake, nalo lilistahili jawabu la siku mbili. Sisi tulilijibu kwa dakika mbili, maana jua lilikuwa limekwisha teremka na futari iko jikoni. Tulisema kwamba jambo hilo ni hila ya Wazungu ya kuwapunguza Waislamu, kwamba riziki iko kwa Mwenyezi Mungu, na kwamba mume mwenye imani hamwachi mkewe aende kutiwa vitu mwilini. Watu wakaitikia kwa kuridhika. Tukaomba dua, tukaondoka.

Siku ile msikitini alikuwamo mkwe wetu, mume wa binti yetu wa pili. Ni kijana mtiifu apendaye dini, na neno la mwalimu ambaye pia ni baba mkwe, kwake ni amri mbili kwa pamoja. Binti yetu alikuwa na watoto watatu, wa mwisho hajatimiza miezi saba, na walikuwa wamekwisha kubaliana yeye na mumewe kwamba aende zahanati. Baada ya darsa ile hakwenda. Hazikupita siku nyingi akashika mimba. Mtoto alizaliwa kabla ya miezi yake, na mama alitokwa na damu nyingi hata akapelekwa hospitali kwa gari la kuazima, sisi tumemshika mkono, hatujui kama tutarudi naye. Alirudi. Mtoto aliishi siku tatu. Tulimzika wenyewe, kaburi la shubiri chache.

Hatusemi kwamba lau binti yetu angalikwenda zahanati mambo yale yasingalikuwa. Ajali ina wakati wake, na lisilokuwa hakuna alijuaye ila Mwenyezi Mungu. Lakini arubaini ya uzazi ilipokwisha, mama wa watoto wetu alikaa mkabala wetu akauliza kwa utaratibu: "Mwalimu, maneno yale uliyoyasema msikitini, uliyasoma katika kitabu gani?"

Tulitafuta jawabu tukalikosa. Hatukuyasoma popote. Tuliyasikia tu.

Basi tukaanza kutafuta. Tulianza katika sanduku letu wenyewe, na pale elimu yetu ilipokoma tulimwendea sheikh mmoja mwenye vitabu vikubwa. Tuliyoyapata kule ni haya. Katika zama za Mtume (S.A.W.) walikuwapo Masahaba waliokuwa wakifanya azl, yaani mume kujizuia ili mke asishike mimba, na Jabir bin Abdillah amepokea, katika Bukhari na Muslim, kwamba jambo hilo lilikuwa likitendeka wakati Kurani ikiteremka. Imo pia katika Muslim hadithi ya Judhama binti Wahb inayolichukiza jambo hilo, na kwa sababu yake wanavyuoni wamekhitalifiana: Ibn Hazm aliliharamisha, ama jamhuri ya wanavyuoni wameliruhusu, na wengi wao wakashurutisha ridhaa ya mke. Imam al-Ghazali katika Ihya ameliruhusu, na akataja miongoni mwa nia zisizokatazwa kuyahifadhi maisha ya mke na kuogopa uzito wa kulea wengi. Karibu na zama zetu, Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa al-Azhar tangu 1958 mpaka 1963, alifutu kwamba mume na mke wanaweza kuweka nafasi baina ya watoto kwa haja yao. Lakini alikataa isiwe sheria ya serikali kuulazimisha umma mzima upunguze uzazi. Na zaidi ya hayo yote iko aya ya Suratul Baqara ya kunyonyesha, ambayo tumewasomesha watoto kwa miaka thelathini: miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza. Shirika la Afya la Dunia nalo hushauri mama apumzike miezi 24 baada ya kuzaa kabla ya kutaka mimba nyingine. Tulipolisikia hilo tulikaa kimya kidogo.

Kwa hiyo nusu ya kwanza ya swali la yule kijana ilikuwa na jawabu siku zote, nalo liko kwetu, wala hatukuhitaji kulifuata Ulaya. Nusu ya pili ndiyo iliyotusumbua: je, ni kweli kwamba akina mama wakipanga uzazi, misitu na maji hupona?

Mpwa wetu, mtoto wa dada yetu, asoma mambo ya misitu katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Alipokuja likizo tulimweleza haja yetu. Binti huyu ana adabu lakini hana woga. Alisema: "Mjomba, unataka ukweli au unataka hoja za kumshinda mtu?" Tukamwambia atupe ukweli, na hoja tutazitengeneza wenyewe. Akacheka.

Ndugu wasomaji, kutafuta katika maandishi ya wataalamu si kama kufungua kitabu. Aliandika katika simu yake maneno mawili ya Kiingereza, la uzazi wa mpango na la mazingira, na simu ikarudisha makala maelfu. Kila makala ina muhtasari juu yake usomwao bure. Lakini mwili wake mara nyingi umefungwa, na ufunguo wake ni fedha zipitazo ada tunayoletewa na wazee wa wanafunzi kwa mwezi mzima. (Wanavyuoni wetu wa zamani, waliokuwa wakisafiri miezi kutafuta hadithi moja kisha wakaigawa bure msikitini, sijui wangalisema nini juu ya elimu iliyotiwa kufuli.) Nyingine zimeachwa wazi, alhamdulillahi. Kwa muda wa majuma matatu, kila baada ya Isha, mpwa wetu alikuwa akisoma na kufasiri, nasi tukiandika nyuma ya daftari la mahudhurio ya wanafunzi.

Mara ya kwanza tuliogopa, maana kila makala ilionekana kuwa ya kweli kwa sababu imechapishwa. Kisha tukakumbuka kwamba sisi tunayo elimu ya jambo hili. Hadithi haikubaliwi kwa sababu imeandikwa. Huulizwa isnadi yake: nani ameipokea kwa nani, je, walikutana, je, ni waaminifu, je, mna pengo katika mlolongo wao? Kisha huangaliwa matini yenyewe. Tukawa tunamwuliza mpwa wetu maswali yale yale. Nani kaandika? Alikwenda mwenyewe au alinukuu? Alihesabu watu wangapi, wapi, mwaka gani? Nani kamlipa? Je, wenzake wataalamu walilipitia andiko lake kabla halijachapwa? Akastaajabu, akasema kwamba mwalimu wake wa chuo kikuu huwauliza maneno hayo hayo. Tukamwambia mwalimu wake amechelewa miaka elfu na zaidi.

Tuligundua kwamba wako waliotutangulia katika kutafuta huku. Taasisi moja ya Marekani iliyoitwa Worldwatch Institute, chini ya uongozi wa Robert Engelman katika kazi hiyo, iliwakusanya watafiti wa nchi mbalimbali wakapitia mamia ya makala zilizochapwa tangu 2005, ili wajue kama elimu yathibitisha kwamba uzazi wa mpango wasaidia mazingira. Taarifa yao ilitoka 2016. Nao, ijapokuwa walikuwa wakitaraji jawabu la ndiyo, walisema kwa uaminifu kwamba makala zilizoufuata mlolongo mzima mpaka mwisho ni chache. Nyingi huthibitisha kipande kimoja cha njia na kukiacha kingine. Kwa lugha yetu ya chuoni, mpokezi amekatika katikati. Hadithi ya namna hiyo haitupwi. Lakini pia haitolewi hukumu peke yake.

Mlolongo wenyewe ni huu: mwanamke apate njia na ridhaa ya kupanga, uzazi upungue, watu wasizidi kwa kasi, na ardhi, miti na maji vipumzike. Kila pete tulitaka kuiona.

Pete ya kwanza ni madhubuti. Tulisoma habari za Matlab katika Bangladesh, nchi ya Waislamu, wakulima na wavuvi kama watu wetu wa pwani. Tangu 1977 vijiji 70 vya wilaya ile vilikuwa vikitembelewa na wanawake waliofundishwa, nyumba kwa nyumba, wakiwapa akina mama njia za kupanga uzazi na baadaye huduma za watoto. Na vijiji 71 jirani viliachwa na huduma za kawaida za serikali, ili ijulikane tofauti. Wanauchumi Shareen Joshi na Paul Schultz walipozipima hesabu hizo miaka mingi baadaye, waliona uzazi umepungua kwa kama asilimia 15 kupita vijiji vingine, afya za akina mama zimekuwa bora, na watoto wadogo waliokufa ni wachache zaidi. Tulipofika pale tulimwambia mpwa wetu afunge simu, tuendelee kesho.

Hapa kwetu pia hesabu zipo. Katika uchunguzi wa taifa wa 1991 na 1992 mwanamke wa Tanzania alikuwa akizaa kwa wastani watoto 6.2, katika ule wa 2022 ni 4.8. Wala si kwamba sasa sisi ni wachache. Hesabu ya watu ya 1967 ilikuta watu milioni 12.3 Tanzania nzima. Ya 2022 imekuta milioni 61.7.

Lakini pete ya mwisho, ile ya miti, ndiyo iliyotuletea jambo ambalo hatukulitazamia. Mpwa wetu alikuta makala ya 2010 ya Antje Ahrends na wenzake, katika jarida la Akademia ya Sayansi ya Marekani, na makala hiyo ni ya misitu yetu sisi wenyewe! Wataalamu wale walipima misitu tangu kilomita 10 mpaka kilomita 220 kutoka Dar es Salaam, mara ya kwanza 1991 na mara ya pili 2005. Waliona kwamba uharibifu watoka mjini kama mawimbi ya maji uliyoyatupia jiwe. Wimbi la mbele ni la magogo ya thamani, nalo lilikuwa likienda kilomita 9 kila mwaka. Nyuma yake laja wimbi la mkaa, kilomita 2 kila mwaka. Kila kilomita mtu aendayo mbali na mji, miti na aina zake huzidi.

Msomaji atafakari maana yake. Kama idadi ya watoto wa Mzenga ndiyo ingalikuwa sababu kubwa, miti ingalikwisha kandokando ya kila kijiji kwa kadiri ya watu wake. Lakini miti imekwisha kwa kadiri ya ukaribu wa Dar es Salaam. Kinachokula msitu wetu si tumbo la mtoto wa Mzenga tu, ni jiko la mji. Kwa hiyo yule anayemwambia mama wa kijijini, "zaa kwa mpango ili msitu upone," na kisha arudi mjini akapike kwa mkaa wa msitu ule ule, hamwambii uongo, lakini amempa nusu ya maneno. Hapa tulifurahi, tukaona tumeipata ile hoja ya kushindia. Tulisema: "Umeona? Si watoto wetu."

Mpwa wetu hakutujibu. Aliuliza: "Mjomba, babu aliacha ekari ngapi?"

Baba yetu aliacha ekari 12. Mama yetu alikuwa ametangulia mbele ya haki, nasi tulikuwa watoto saba, wanaume watatu na wanawake wanne. Elimu ya mirathi ni miongoni mwa elimu tunazozisomesha, na mirathi ile tuliigawa sisi wenyewe: sehemu kumi, mwanamume mbili, mwanamke moja. Tukapata ekari 2.4 kila mwanamume, na dada zetu ekari 1.2 kila mmoja. Basi usiku ule tukachukua chokaa, tukaandika ubaoni mirathi ya mtu ambaye hajafa, nasi ndio mtu huyo. Tuna mke mmoja na watoto tisa, wanaume watano na wanawake wanne. Mke atachukua thumuni yake, ekari 0.3. Zitabaki 2.1, sehemu kumi na nne. Kila mtoto mwanamume ekari 0.3, kila binti ekari 0.15. Hesabu ilitoka sawasawa bila ya salio, jambo ambalo kwa kawaida humfurahisha mwalimu. Tuliitazama kwa muda mrefu. Katika ekari 0.3 mtu hupanda muhogo wa futari, hapandi muhogo wa kulea nyumba.

Hapo ndipo tulipomwelewa mtoto wetu wa nne. Tumemgombeza miaka miwili kwa ajili ya mkaa, tumemwambia aliyeumba mti atamwuliza, naye alikuwa akinyamaza. Tulipomwita na kumwonyesha ubao alisema neno moja: "Baba, mimi shamba langu ni lile la serikali." Akimaanisha msitu. Na mtoto wetu wa tano yuko Mbagala, amepanga chumba kimoja na mkewe, na jikoni kwake pana kopo la mkaa alioununua. Mmoja auza, mwingine anunua, na wote wawili wametoka katika ekari zile zile zisizowatosha. Mji wa Dar es Salaam ulikuwa na watu milioni 4.36 katika hesabu ya 2012, na milioni 5.38 katika ile ya 2022. Watu wale hawakushuka kwa mvua. Wengine wamezaliwa kule, na wengine ni watoto wa kina sisi.

Kwa hiyo pete zimeshikana, lakini si kwa njia iliyonyoka kama tulivyoambiwa, wala si uongo kama tulivyosema. Uzazi una sehemu yake, na jiko lina sehemu yake, na bei ya gesi, na askari wa misitu apokeaye kitu kidogo usiku, kila mmoja ana sehemu yake. Na anayempa mama mmoja mzigo wote hajui mirathi. Serikali imetoa mkakati 2024 kwamba ifikapo 2034 watu asilimia 80 wapike kwa nishati safi. Tunaomba utimie, maana kijiti cha zahanati hakipiki ubwabwa.

Yako na mambo ya dunia kubwa. Brian O'Neill na wenzake walikadiria 2010 kwamba kupunguza kasi ya kuongezeka kwa watu duniani kwaweza kuleta baina ya asilimia 16 na 29 ya upungufu wa hewa ya ukaa utakiwao kufikia 2050. Si kidogo. Lakini Mmarekani mmoja kwa mwaka hutoa zaidi ya tani 13 za hewa hiyo, na Mtanzania hafikii nusu tani. Hapa hatuoni sababu ya kuanza na nyumba ya binti yetu.

Na ile dhana yetu ya hila ya Wazungu? Hatutaki kuificha wala kuidharau. Watu wanaoogopa hawakuota ndoto. Nchini India, baina ya 1975 na 1977, watu wengi, maskini hasa, walikamatwa na kutiwa shinikizo wakafungwa uzazi, na Waislamu walikuwamo. China ilishika amri ya mtoto mmoja kwa zaidi ya miaka thelathini mpaka 2015. Sheikh Shaltut alipokataa kulazimishwa kwa umma aliona mbali. Upande mwingine iko Iran, nchi ya Kiislamu, ambayo 1989 ilianza mpango wake yenyewe, wanavyuoni wao wakakubali, wachumba wakasomeshwa kabla ya nikaha, na uzazi ukashuka upesi kuliko karibu nchi yoyote. Kisha 2021 serikali ile ile ikatunga sheria ya kuhimiza watu wazae zaidi. Serikali hutaka watoto wachache, serikali hutaka watoto wengi. Mwanamke ni yule yule, na damu ni yake.

Katika nchi yetu wako waliojaribu kuyashika mambo mawili kwa mkono mmoja. Kule Kigoma, mradi wa TACARE wa taasisi ya Jane Goodall ulianza 1994 kwa kupanda miti, na baadaye ukaingiza afya na uzazi kwa kuwa wanavijiji waliyataka. Na upande wa milima ya Mahale uko mradi uitwao Tuungane, uliochanganya zahanati, samaki na misitu. Lililotupendeza kwa TACARE ni kwamba watu waliulizwa kwanza haja yao. Sisi Mzenga pale msikitini hatukumwuliza mtu.

Mwezi wa Rajabu uliopita tulisimama baada ya Alasiri, mahali pale pale. Tulisema kwamba katika Ramadhani ya mwaka juzi tuliulizwa swali tukajibu bila ya elimu. Tukaeleza azl na khitilafu za wanavyuoni, tukaeleza miaka miwili ya kunyonyesha, tukasema kwamba kuweka nafasi kwa ridhaa ya mume na mke ni jambo lenye ruhusa, na anayetaka wengi naye hakuvunja sheria maadamu mkewe ni mzima na ameridhika. Tukaandika mirathi ya ekari 2.4 ubaoni bila ya kutaja ni ya nani. Wazee wawili waliondoka katikati. Mmoja wao alitwambia mlangoni kwamba tumenunuliwa. Mkwe wetu alikaa mpaka mwisho, ameinamisha kichwa, na watu walipotawanyika alikuja kutushika mkono, asiseme neno. Nasi hatukuwa nalo la kumwambia.

Kutoka nyuma ya pazia la wanawake ilikuja sauti, hatukuijua ya nani: "Mwalimu, haya umewaambia wao leo. Je, ni nani atakayetuambia sisi dawa ipi yafaa na ipi yadhuru? Wengine wetu sindano imetuletea maradhi." Tulikiri kwamba hilo hatulijui, wala safari hii hatukuthubutu kulijibu. Tulimwomba muuguzi wa zahanati, mama mtu mzima, aje chuoni Jumatano baada ya watoto kutoka. Amekubali, kwa sharti kwamba waume nao waje, wakae upande wao wasikilize. Mpaka tunaandika haya wamejiandikisha wanaume kumi na mmoja. Mkeka utakaokosekana tutauazima msikitini.